Dubu-maji wa Antaktika: Kuwatambua na Kuwapanga katika Makundi

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba wanyama hupangwa katika makundi kwa kufuata sifa za miili yao. Ulimweka kuku pamoja na bata kwa sababu wote wawili wana manyoya na mdomo mgumu. Ulimweka popo pamoja na ng'ombe, ijapokuwa popo huruka, kwa sababu wote wawili hunyonyesha watoto wao. Katika somo hili utajifunza jinsi wataalamu wanavyowapanga wanyama wasioonekana vizuri kwa macho matupu, ambao baadhi yao huishi katika bara lenye baridi kupita mabara yote.

Mahali wanapoishi

Bara la Antaktika liko katika ncha ya kusini ya dunia. Karibu bara lote limefunikwa na barafu. Tarehe 21 Julai 1983, katika kituo cha utafiti kiitwacho Vostok, kipimajoto kilionyesha digrii sentigredi 89.2 chini ya sifuri. Maji huganda yanapofikia digrii sifuri. Basi fikiria mwenyewe ukali wa baridi hiyo.

Hata hivyo, kando ya bahari na kwenye vilele vya milima kuna mahali pachache ambapo mawe hujitokeza nje ya barafu. Katika miezi ya Desemba na Januari, ambayo ndiyo kiangazi cha huko, theluji kidogo huyeyuka na kuyalowesha mawe hayo. Hapo huota kuvumwani, yaani mimea mifupi ya kijani inayotanda kama zulia juu ya mawe na kuta zenye unyevu. Huenda umeiona kando ya kisima au juu ya paa la vigae.

Pengwini na sili wa Antaktika hupata chakula chao baharini. Ama wanyama wanaoishi nchi kavu mwaka mzima, wote ni wadogo mno. Mkubwa wao ni mdudu asiye na mabawa, ambaye urefu wake haufiki sentimita 1. Wengine ni wadogo zaidi, na miongoni mwao yumo dubu-maji. Usimchanganye na dubu mweupe, ambaye huishi upande wa kaskazini wa dunia, katika nchi za Aktiki. Antaktika haina dubu mwingine ila huyu mdogo.

Umbo la dubu-maji

Dubu-maji wengi wana urefu wa kati ya milimita 0.1 na milimita 0.5. Wachache hupita milimita 1. Chukua rula yako uitazame nafasi ya milimita moja: dubu-maji wawili wangeweza kulala humo, mmoja nyuma ya mwingine. Kwa sababu hiyo tunahitaji hadubini ili kuwachunguza.

Ukimtazama kwa hadubini utaona mwili mnene wenye jozi nne za miguu. Jozi tatu za kwanza humsaidia kutembea. Jozi ya nne iko mwisho kabisa wa mwili nayo hugeukia nyuma. Kwa jozi hiyo hujishikilia kwenye jani la kuvumwani. Kila mguu una kucha. Ndani ya mdomo kuna sindano mbili ndogo. Hizo huzitumia kutoboa mimea au wanyama wadogo, kisha hufyonza maji yao kupitia bomba la mdomo.

Je, dubu-maji ni mdudu? Hesabu miguu: wadudu wana miguu 6, yeye ana 8. Basi, je, ni jamaa ya buibui, ambaye pia ana miguu 8? Mwanafunzi mwenye haraka atajibu ndiyo. Lakini tazama tena. Mguu wa buibui una viungo, nao hukunjwa kama mkono wako unavyokunjwa kwenye kiwiko. Mguu wa dubu-maji ni mfupi, laini, wala hauna viungo. Kwa hiyo wataalamu wamempa kundi lake peke yake, liitwalo Tadigrada, maana yake wenye mwendo wa polepole. Jina hilo lilitokana na mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, mwaka 1776. Miaka mitatu kabla yake Mjerumani Johann Goeze alikuwa amekwisha kumwita dubu mdogo wa maji, nalo ndilo jina lililoenea kwa watu wa kawaida.

Jinsi anavyostahimili baridi

Maji yanapokauka, dubu-maji wengi wa kwenye kuvumwani hufanya jambo la ajabu. Huingiza miguu ndani, hujikunja, na kupoteza karibu maji yote ya mwili. Hubaki kama kipipa kidogo kikavu. Katika hali hiyo hali, hatembei, wala hakui. Akipata maji tena, hufumuka na kuanza kutembea. Aidha, wapo wanaoweza kugandishwa pamoja na maji yaliyomo mwilini mwao na bado wasife.

Mwaka 1983 watafiti wa Japani walichukua kuvumwani mahali paitwapo Langhovde, mashariki mwa Antaktika. Waliihifadhi katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri. Mwaka 2014, yaani baada ya miaka 30 na zaidi, kipande cha kuvumwani hiyo kiliyeyushwa na kuloweshwa. Humo walipatikana dubu-maji wawili na yai moja. Dubu-maji mmoja alianza kujikongoja, lakini alikufa baada ya siku 20. Wa pili alipona, akala, akataga mayai 19, na katika hayo 14 yaliangua. Lile yai la zamani nalo liliangua.

Watafiti walimtambua mnyama huyo kuwa ni wa spishi iitwayo Acutuncus antarcticus. Walijuaje? Na kwa nini hawakuridhika kuandika tu kwamba ni dubu-maji?

Anwani ya mnyama

Barua ikiandikwa jina la nchi peke yake haitamfikia mtu yeyote. Hapana budi kutaja pia mkoa, wilaya na kijiji. Wanyama nao hupewa anwani ya namna hiyo. Kundi kubwa huitwa faila. Faila hugawanywa katika ngeli, na kwa kupitia makundi mengine ya katikati tunafika kwenye jenasi, na mwisho spishi. Jina la spishi huandikwa kwa maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa, la pili ni la spishi yenyewe. Hivyo katika Acutuncus antarcticus, neno la pili linatuambia kwamba mnyama huyu ni wa Antaktika. Mjerumani Ferdinand Richters ndiye aliyempa jina hilo la pili mwaka 1904. Wakati huo alimweka katika jenasi nyingine. Jenasi Acutuncus ilianzishwa baadaye, wataalamu walipomchunguza kwa makini zaidi. Anwani hubadilika kijiji kikigawanywa, na mambo ni yale yale kwa wanyama.

Spishi za dubu-maji zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 1,300. Faila yao ina ngeli mbili zinazojulikana vema. Dubu-maji wa ngeli ya kwanza, Heterotardigrada, wana vinyuzi vilivyochomoza kichwani, na wengi wa wale wanaoishi katika kuvumwani wamevikwa mabamba magumu mgongoni, kama kobe aliyetengenezwa kwa vipande. Dubu-maji wa ngeli ya pili, Eutardigrada, wana ngozi isiyo na mabamba hayo.

Vitabu vingine hutaja ngeli ya tatu. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja aliandika habari za dubu-maji wa ajabu aliyempata katika chemchemi ya maji moto karibu na Nagasaki, Japani. Alimchora, lakini hakuna kielelezo kilichobaki, yaani hakuna mnyama hata mmoja aliyehifadhiwa ili wengine wamchunguze. Tangu hapo hajaonekana tena. Mchoro bila kielelezo ni kama shahidi asiyeweza kuitwa barazani, na wataalamu wengi wanaitilia shaka ngeli hiyo.

Kuuliza maswali ya njia panda

Ili kumtambua mnyama, wataalamu hutumia maswali yanayofuatana. Kila swali ni kama njia panda: jibu likiwa ndiyo unashika njia hii, likiwa siyo unashika ile. Yafuatayo ni maswali matatu yanayofaa kwa dubu-maji unaoweza kuwapata katika kuvumwani ya Antaktika. Yafuate kwa mpangilio wake. Wanafunzi wengi hupenda kurukia swali la mwisho kwa kuwa linahusu kucha, na hivyo hupotea njia.

Swali la kwanza. Je, mgongoni pana mabamba, na kichwani pana vinyuzi? Ikiwa ndiyo, hesabu kucha za mguu mmoja wa mnyama mzima. Kama zipo 4, kila moja ikisimama peke yake, huyo ni wa jenasi Echiniscus au jamaa zake wa karibu. Ikiwa hana mabamba wala vinyuzi, endelea.

Swali la pili. Je, mdomo umezungukwa na vijinundu 6 vilivyochomoza, na kila mguu una kucha mbili ndefu nyembamba zilizotengana na kucha fupi zenye ncha? Ikiwa ndiyo, umempata Milnesium. Huyu ni mwindaji. Hula hata dubu-maji wenzake. Ikiwa siyo, endelea.

Swali la tatu. Sasa kila mguu una kucha pacha mbili, yaani kila ukucha umegawanyika matawi mawili. Je, kucha pacha hizo mbili zinafanana kwa umbo na kwa ukubwa, kana kwamba moja ni kivuli cha nyingine katika kioo? Ikiwa ndiyo, mnyama ni Macrobiotus au jamaa zake. Ikiwa ukucha wa nje ni mrefu na una umbo tofauti na ule wa ndani, mnyama yumo katika kundi la Hypsibius na jamaa zake, na Acutuncus ni mmoja wao.

Umeona kwamba hatukuuliza rangi. Rangi ya dubu-maji mara nyingi hutokana na chakula alichokula, na wengine hubadilika rangi wanapokua. Wala hatukuuliza urefu peke yake, kwa maana mtoto wa spishi kubwa aweza kuwa sawa na mkubwa wa spishi ndogo. Kucha, bomba la mdomo na ngozi ni mashahidi wazuri zaidi.

Mayai nayo husaidia sana. Dubu-maji wengi wa kundi la Hypsibius hutaga mayai laini ndani ya ngozi waliyoivua. Macrobiotus hutaga nje, na mayai yake yamepambwa pande zote kwa vitu mfano wa vikombe vilivyopinduliwa. Zipo spishi zinazofanana kabisa kwa mwili, zikatofautiana katika mapambo ya mayai tu. Mtafiti aliyepata wanyama bila mayai hulazimika kuandika jina la jenasi, kisha akaishia hapo. Hiyo si aibu. Ni afadhali anwani fupi iliyo kweli kuliko ndefu ya kubuni.

Jihadhari pia na mnyama anayejivua ngozi. Dubu-maji hujivua mara kadhaa maishani, na anapojivua hutupa pia bomba la mdomo na sindano zake, kisha hutengeneza mapya. Ukimkuta katika siku hizo utadhani umepata mnyama mpya asiye na vifaa vya kulia.

Habari ya Milnesium

Mwaka 1840 Mfaransa Louis Doyère alimpa jina Milnesium tardigradum dubu-maji mwindaji uliyekutana naye katika swali la pili. Baadaye wasafiri na wataalamu waliwaona wanyama wa namna hiyo katika kila bara. Kila mmoja alipoona kucha zilizotengana aliandika jina lile lile. Vitabu vikasema kwamba spishi hii moja huishi duniani kote, toka kwenye joto hata kwenye barafu.

Kisha wataalamu walianza kuhesabu ncha za zile kucha fupi. Wengine wana ncha 2, wengine 3, na hesabu ya mguu wa mbele yaweza kutofautiana na ya mguu wa nyuma. Wakapima mabomba ya midomo, na siku hizi hulinganisha hata vinasaba, yaani maagizo yaliyo ndani ya chembe hai ambayo mzazi humrithisha mtoto. Ikadhihirika kwamba lile jina moja lilikuwa limefunika spishi nyingi. Mwaka 2006 mmoja wao, Milnesium antarcticum wa Antaktika, alipewa jina lake. Mwaka 2012 Milnesium tardigradum wa kweli alielezwa upya kwa usahihi, ili asichanganywe tena na wengine.

Kwa nini jina sahihi ni jambo kubwa

Mtu aweza kusema: mnyama mwenyewe haonekani, kuna hasara gani akiitwa kwa jina la mwenzake? Hasara ipo, nayo ni hii.

Mwaka 1959 nchi 12 zilitia sahihi mkataba wa kuilinda Antaktika itumiwe kwa amani na kwa utafiti. Mwaka 1991 makubaliano mengine yaliongezwa ili kuhifadhi mazingira yake. Wageni wanaotua huko hutakiwa kusafisha viatu na nguo zao, maana tope lililokauka chini ya kiatu laweza kubeba mbegu, vijidudu, na hata dubu-maji aliyejikunja kama kipipa. Mgeni kama huyo akishuka mahali penye maji atafumuka. Huenda akala chakula cha wenyeji, au akawala wenyeji wenyewe.

Nani atamgundua? Ikiwa vitabu vinasema kwamba spishi ile ile huishi Ulaya na Antaktika, hakuna atakayeshtuka kumwona. Atahesabiwa kuwa mwenyeji. Lakini ikiwa tumekwisha kuhesabu ncha za kucha za wenyeji na kuhifadhi vielelezo vyao, mgeni atajulikana siku ya kwanza atakapowekwa chini ya hadubini.

Ndiyo maana kazi ya watu wa zamani ina thamani mpaka leo. Kati ya mwaka 1907 na 1909, James Murray wa Scotland alikuwa mtaalamu wa viumbe katika msafara wa Ernest Shackleton. Wakiwa Cape Royds, katika Kisiwa cha Ross, walichimba barafu ya maziwa mpaka chini ili kupata mimea iliyolala humo. Murray aliwachunguza na kuwachora wanyama wadogo aliowakuta, na mwaka 1910 maandishi yake juu ya dubu-maji yalichapishwa. Atakayechunguza maziwa hayo leo anaweza kulinganisha.

Mwaka 2005 watafiti walitoa habari za vilele vya Ellsworth Land vilivyozungukwa na barafu. Katika baadhi ya vilele hivyo hawakuona hata mnyoo mmoja mviringo, ambao ni wanyama wa kawaida karibu katika udongo wote duniani. Dubu-maji ndio waliotawala pale. Mahali kama hapo, kosa la jina moja ni kosa katika sehemu kubwa ya orodha nzima ya wanyama.

Kazi ya kufanya

1. Tafuta kuvumwani kwenye ukuta, mti au jiwe. Chukua kipande kidogo tu, usikwangue yote. Kiweke katika kisahani chenye maji safi usiku kucha. Kesho yake kikamue, weka tone la maji hayo juu ya kipande cha kioo, kisha tazama kwa hadubini. Waweza kuona minyoo, rotifa, na pengine dubu-maji. Usipompata mara ya kwanza, jaribu kuvumwani ya mahali pengine. Andika tarehe na mahali ulipoichukua. Kielelezo kisicho na tarehe wala mahali hakina faida.

2. Kama shule yenu haina hadubini, kusanya mbegu za maharage, kunde, choroko, mahindi na karanga. Tunga maswali ya njia panda yatakayomwezesha mwenzako kuitambua kila mbegu bila kuambiwa jina. Usitumie rangi. Mpe mwenzako maswali hayo. Akikosea, tafuta ni swali lipi lililompoteza, ulirekebishe.

Maswali

1. Taja tofauti moja kati ya mguu wa buibui na mguu wa dubu-maji.

2. Kwa nini rangi si sifa nzuri ya kumtambulia dubu-maji?

3. Mtafiti amepata dubu-maji watatu katika kuvumwani ya Antaktika. Wa kwanza ana mabamba mgongoni, vinyuzi kichwani, na kucha 4 katika kila mguu. Wa pili hana mabamba. Kila mguu una kucha pacha mbili, na ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Wa tatu hana mabamba, kucha zake hazionekani vizuri, na hana bomba la mdomo wala sindano. Katika daftari la mtafiti kuna nafasi moja ya jina kwa kila mnyama. Utaandika nini katika kila nafasi? Toa sababu zako, hasa kwa yule wa tatu.